Jumamosi ya Sita

Mnyororo ni uleule, kufuli ni jipya.
Karatasi ya langoni imelowa tangu juzi,
wino wa muhuri umechuruzika
hadi kwenye neno "tunasikitika".
Nani anasikitika? Hajaweka jina.

Tuko watu tisa.
Wiki ya kwanza tulikuwa mamia, tukarusha chupa,
wiki ya tatu arobaini na mbwa mmoja.
Leo Akumu ameleta mayai kumi tu ya kuchemsha
na hajauza hata la pili.
"Kachumbari ni bure," anasema.
Hakuna anayecheka.

Mimi nimevaa jezi. Msiniulize kwa nini.
Nimeipiga pasi alfajiri, mkunjo umenyooka
kama mstari wa pembeni,
na Nekesa akanitazama
kama mtu anayemtazama mtoto
akimwekea maziwa paka aliyekufa.
"Dirisha la jikoni," akasema, "bado limevunjika."

Redio inasema mazungumzo yanaendelea.
Yanaendelea tangu mahindi yakiwa maua.
Mwenyekiti anasema kapu ni tupu.
Wachezaji wanasema miezi mitano,
na posho ya Machakos juu yake.
Nami nina swali dogo, la shilingi mia mbili:
mia mbili yangu ya kila Jumamosi,
niliyomkabidhi yule kijana wa tiketi mwenye kidole kilichokatika,
ilikwenda wapi?
Mwenyekiti hakuiona. Kipa hakuiona.
Ilikuwa ikicheza namba gani, pesa yangu,
hata pasiwe na mtu aliyeikuta uwanjani?

Wanasema wakubwa wakipigana, ziumiazo nyasi.
Uongo.
Chungulia hapa, penye tundu la ukuta:
nyasi zimefika magotini, zimenawiri,
hazijapata raha namna hii tangu zipandwe.

Nilisema mengi, nakiri.
Kwa Kisilu kinyozi, mtaani Bahati, nilisema
mpira ni kipaji, si kibarua,
ningekuwa na mguu wa kushoto kama wa Mutuku
ningecheza kwa kikombe cha uji.
Kisilu aliendelea kuninyoa.
Alininyoa taratibu mno.

Halafu Jumatano, pale Tassia,
penye jengo lisiloisha kila mwaka,
nikamwona Shiundu. Kipa wetu.
Ghorofa ya pili, miguu kapanua,
kijana wa chini anamrushia matofali
naye anadaka.
Juu, kushoto, moja la chini lililopinda,
akainama, akalipata.
Halikuanguka hata moja.
Nilisimama barabarani na mfuko wangu wa unga,
nusura nipige makofi.
Glavu zilikuwa zilezile za fainali.
Aliniona. Aliinua mkono,
kisha tofali likaja, ikabidi ageuke.

Usiku ule sikulala vizuri.
Nilikumbuka kiwanda cha sabuni, mwaka wa mgomo,
wenzangu langoni na matawi mikononi,
na mimi nikiingia kwa mlango wa malori.
Siku nne. Mtoto alikuwa mgonjwa.
Alikuwa na mafua.
Mgomo ulipoisha nyongeza ilikuja kwangu pia,
senti kwa senti kama yao,
na hakuna aliyenizomea.
Afadhali wangenizomea.

Kwa hiyo leo sijui nipige kelele gani.
Walipeni. Nirudishieni Jumamosi yangu.
Ipi itangulie? Zinakwama kooni pamoja,
kama watu wawili kwenye mlango mmoja wa tiketi.
Bado nina hasira na Mutuku, mniwie radhi,
alikosa penalti kabla ya haya yote
na hiyo haikuwa shauri la mshahara.

Saa tisa kamili.
Akumu ananimenyea yai bila kuulizwa.
Mmoja wetu, sijui nani,
amepuliza filimbi kwa midomo mitupu,
na sote tisa
tumegeuka kutazama lango.